Uchambuzi wa kisa: ndege ya kujiundia Mombasa iliyopandisha volti kila pampu ya mafuta ikiwashwa

Majina, namba ya usajili na mahali penyewe nimeviondoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili watu wasijulikane. Vipimo sijavigusa, ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la hanga. Nakiandika kisa hiki kirefu makusudi, manake nimeona watu wengi wanaojiundia ndege wakipoteza pesa na muda kwa njia hii hii, yani kubadilisha vipuri mpaka tatizo liishe, na hapa tatizo lilikataa kuisha.

Usuli

Ndege ni ya viti viwili, mwili wa alumini, ilikuja kwa kontena ikiwa vipande vipande na mwenyewe akaiunda kidogo kidogo kwa miaka. Injini ni Rotax 912 ULS, ile ya nguvu farasi 100. Inalala kwenye hanga iliyo wazi upande mmoja, pwani ya kaskazini ya Mombasa, karibu sana na bahari, mahali ambapo kusi ikivuma usiku kucha asubuhi ukipangusa kioo cha mbele kidole chako kinatoka na chumvi. Hilo la chumvi naomba lisisahaulike, litarudi.

Mwenye ndege ni mzee mstaafu, nitamwita Ami kwa sababu ndivo sote pale tulivyomwita. Umeme aliufunga yeye pamoja na kijana fundi wa umeme wa magari, huyo nitamwita Fundi. Najua wengi wakisikia ndege imefungwa waya na fundi wa magari wanaanza kutikisa kichwa, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu huyu kijana.

Sasa mfumo wenyewe, manake bila kuuelewa kisa chote hakina maana. 912 haina altaneta ya mkanda kama ya gari. Ndani ya injini, upande wa nyuma, kuna koili zilizotulia na sumaku zinazozunguka pamoja na injini, na umeme unatoka kwa nyaya mbili za manjano, umeme ule wa kwenda na kurudi. Kwa kasi ya juu kabisa, mizunguko 5800 kwa dakika, inatoa kama wati 250, ndo kusema ampea 18 hivi, haizidi sana hapo. Nyaya hizo za manjano zinaingia kwenye regyuleta, kidude cha alumini chenye mapezi ya kupoza, ambacho hapa kilifungwa kwa boliti kwenye ukuta wa moto, kile kibati kinachotenganisha injini na chumba cha rubani. Regyuleta inaugeuza umeme uwe wa upande mmoja na kuushika usizidi. Ina vituo vya G viwili vya hizo nyaya za manjano, B+ na R vya kutoa umeme, L ya taa ya onyo, na kimoja kinaitwa C. Kwenye B+ kuna kapasita, kidude cha kulainisha umeme, kubwa ya maikrofaradi 22,000 ambayo Rotax wanaitaka iwepo.

Hiki C ndicho kisa chote. Regyuleta haijui volti za ndege nzima, inajua kitu kimoja tu, tofauti ya volti kati ya C na bodi yake yenyewe, lile gamba la alumini. Inachotaka ni tofauti hiyo iwe 14.2, kupanda au kushuka 0.3. Kama C inaona chini ya hapo inasukuma zaidi, kama C inaona juu ya hapo inapunguza. Kwa hivo ikiwa waya wa C unapoteza volti njiani, regyuleta inadhani ndege nzima iko chini na inapandisha. Na ikiwa bodi yake haijashika athi vizuri, yani umeme wa kurudi kutoka betri unapata shida kufika kwenye gamba, mambo yanageuka kinyume kabisa, gamba linakaa chini ya minasi ya betri, C inaonekana iko juu kuliko ilivyo, na regyuleta inapunguza. Makosa mawili, pande mbili. Hapa yote mawili yalikuwepo kwa wakati mmoja.

La kutuliza moyo ni kwamba moto wa plagi wa 912 unajitegemea, hautegemei betri, kwa hivo hitilafu kama hii haizimi injini angani. Lakini inaweza kuua betri, redio, transponda (kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na skrini ya rubani, na ukiwa unaruka karibu na uwanja wa ndege wa Moi International huko juu unaongea na mnara, si anga la kukaa bila redio.

Ilivyokwenda

Mwanzoni kabisa, ndege ikiwa bado inatembezwa chini tu, Ami aliona volti kwenye skrini haitulii. Mara 13.8, mara 14.7. Kwenye hedseti kulikuwa na mlio mdogo wa tak tak tak, akaambiwa ni kawaida ya ndege za kujiundia, akaukubali. Hapa sikubaliani na aliyemwambia hivo, redio ya ndege inayolia inasema kitu, lakini tuendelee.

Fundi alipoitwa alisema moja kwa moja, athi. Akafungua regyuleta na kukuta imekaa juu ya rangi, boliti tu ndo zinazogusa chuma, na chini ya washa, zile pete za boliti, alumini imeanza kuliwa, unga mweupe. Hakukuwa na waya wowote kutoka kwenye gamba kwenda kwa minasi, ilitegemewa boliti na ukuta wa moto peke yake. Akapiga msasa, akasafisha, akavuta waya mnene wa geji 10 kutoka kwenye boliti ya regyuleta mpaka kwa kituo cha athi, kipande cha shaba kinachounganishwa na minasi ya betri. Kazi safi. Tena aliibana terminali kwa koleo la kubania lenyewe, lile halifunguki mpaka ubane mpaka mwisho, si kwa pinda-pinda ya koleo la kawaida.

Wakawasha injini, wakapandisha mpaka 4000, kasi ambayo 912 hupimiwa moto wake wa plagi, na skrini ikapiga kengele ya volti kuzidi. 15.1. Kabla ya matengenezo ilikuwa haijawahi kupita 14.7.

Kwa kweli hapa ndo mahali pa kufunza. Kitu kilikuwa kibaya kiasi, kimerekebishwa sawasawa, na sasa ni kibaya zaidi. Kila mtu mwenye akili timamu atasema matengenezo yameharibu. Ami akamwambia, "Mwanangu, mimi naona namba. Jana 14.7, leo 15.1. Toa huo waya." Fundi akakataa kwa adabu, akasema, "Ami, athi nzuri haiwezi kuharibu kitu, kama volti zimepanda bas kuna jambo lilikuwa limejificha." Hakuweza kueleza ni jambo gani, na mtu akishindwa kueleza mbele ya mzee aliyetumia pesa zake, yuajua mwenyewe inavyokuwa. Wakakubaliana njia ya katikati, waya ubaki lakini regyuleta inunuliwe mpya, manake labda ya zamani ilikuwa imekufa nusu.

Regyuleta ikaagizwa nje, ikachukua wiki kadhaa na si kitu cha bei rahisi. Ikafungwa. 15.1, ile ile.

Baada ya hapo Ami akaanza kushuku kapasita, kisha betri, kisha skrini yenyewe kwamba inasoma vibaya. Hilo la skrini wakalipima kwa mita ya mkononi moja kwa moja kwenye betri, mita ikasema 15.1, kwa hivo skrini haikuwa na hatia. Hapo ndo nikaitwa.

Swali la kwanza na jibu lake

Nilichouliza kwanza ni hiki: ikiwa 15.1, ni vitu gani vimewashwa? Jibu likawa "vyote", kwa sababu kwenye cheklisti ya kupima injini pampu ya umeme ya mafuta huwa imewashwa, taa za kumulika zimewashwa, redio, transponda, kila kitu. 912 ina pampu yake ya mafuta inayoendeshwa na injini, ile ya umeme ni ya akiba, inawashwa wakati wa kuruka na kutua. Hakuna aliyewahi kuzima kitu kimoja kimoja huku injini ikiwa juu.

Tukafunga magurudumu kwa kabari, mkia ukafungwa kwa kamba, Ami ndani peke yake, watu wote upande wa nyuma ya bawa. Nasisitiza hili, propela ya 912 injini ikiwa 4000 huioni, na mtu anayepima umeme mawazo yake yote yako kwenye mita. Akazima taa, 15.1. Akazima transponda, 15.1. Akazima pampu, 14.3. Akaiwasha tena, 15.1.

Tafakari hapo kidogo. Mzigo ukizimwa, volti za mfumo ama zinabaki pale pale ama zinapanda kidogo, manake kazi imepungua. Hapa umezima mzigo na volti zimeshuka. Hiyo ni ajabu, na ajabu ndo kitu cha kufuata.

Ami akasema bas pampu ndo mbaya, tununue pampu. Naelewa kwa nini alisema hivo, lakini pampu haina uwezo wa kutengeneza volti. Inachoweza kufanya ni kuvuta ampea kupitia waya fulani, na huo waya kupoteza volti. Kwa hivo swali likageuka, pampu inagawana waya na nani?

Tukafungua mchoro, na pale wazi kabisa, kwa kalamu ya Ami mwenyewe: waya mmoja kutoka basbaa, ile baa ya shaba inayogawa umeme kwa fyuzi, unapita fyuzi moja, unaingia swichi moja, na ukitoka kwenye swichi unagawanyika, tawi moja kwa pampu, tawi jingine kwa C. Aliona anaokoa nafasi ya fyuzi moja na swichi moja kwenye dashibodi, tena alikuwa na hoja kwamba vyote viwili vinatakiwa viwe hai wakati wa kuruka. Swichi hiyo kwa hivo haikuwa ya kuzima pampu peke yake, kulikuwa na swichi ndogo ya pili mbele kwenye tawi la pampu, ndo iliyokuwa ikizimwa.

Kupima, injini ikiwa imezimwa

Kitu ambacho wengi hawajui, sehemu hii ya hitilafu haihitaji injini kuwaka. Swichi kuu imewashwa, pampu imewashwa, injini kimya, propela imetulia, na wewe umesimama kwa amani na mita yako. Mita kwenye volti, waya mwekundu kwenye B+ ya regyuleta, mweusi kwenye C. Kama njia ni nzima mita inasoma karibu sufuri, manake pande zote mbili ni umeme ule ule. Yetu ikasoma 0.8, na haikutulia, ilikuwa inacheza kwa mdundo ule ule wa pampu, tak tak tak. Fundi akanitazama tu. Ule mlio wa hedseti ulikuwa huo.

Injini ikiwaka na volti zikiwa juu pampu inavuta zaidi kidogo, kama ampea 1.6, na hasara inafika 0.9. Sasa hesabu ya regyuleta iko wazi: inataka C iwe 14.2, njiani zinapotea 0.9, kwa hivo lazima basbaa ifike 15.1 ndo C ione 14.2. Regyuleta zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa nzima na zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Tukaifuata njia kipande kwa kipande, pampu ikiwa inafanya kazi muda wote, na hapa namba ni za injini imezimwa: kishikio cha fyuzi 0.11, terminali bapa iliyoingia kwenye swichi 0.49, ndani ya swichi yenyewe 0.16, waya uliobaki 0.04. Jumla 0.8. Kwa hivo zaidi ya nusu ya tatizo lote la ndege ilikuwa kwenye terminali moja ya shaba isiyopakwa bati, imebanwa kwa koleo la kawaida, kisha ikafungwa kwa tepu nyeusi. Tulipotoa tepu ilikuwa na unyevu ndani, kijani upande mmoja, nyeusi mahali pa kugusana. Tepu haizuii hewa ya bahari, inaikaribisha na kuifungia mlango. Mafundi wa boti hapa Mombasa wanajua jambo hili tangu zamani, ndo maana waya wa boti mzuri kila uzi wake umepakwa bati na terminali zinafungwa kwa mpira unaobana kwa joto wenye gundi ndani.

Kwa nini Fundi hakuiona hii mwanzoni? Aliipima. Alipima kwa ile sauti ya mita, umeme umezimwa, mita ikalia piii, kila kitu kizima. Shida ni kwamba mita nyingi zinalia hata kama kuna makumi ya omu, yani kipimo cha jinsi njia inavyozuia umeme, na hapa tulikuwa na nusu omu. Hata ukiweka kwenye omu, nyaya za mita peke yake zina 0.2 au 0.3, kwa hivo ukiona 0.8 unasema ah, ni mita hiyo. Kupima njia ya umeme bila umeme kupita ni sawa na kuangalia presha ya maji mfereji ukiwa umefungwa, bomba laweza kuwa limeziba robo tatu na presha ikaonekana sawa tu, fungua mfereji ndo utajua. Pitisha ampea, kisha pima volti zinazopotea.

Kurudi nyuma kwenye 14.7

Tungeweza kuishia hapo, lakini Ami alibaki na swali na alikuwa na haki nalo: kwa nini kabla ya waya wa athi haikuwahi kufika 15.1? Tukaamua kumjibu kwa kipimo badala ya maneno. Injini imezimwa, tukautoa waya wa Fundi wa geji 10, tukarudisha hali ya zamani, tukapeleka nyaya ndefu za mita mpaka ndani ya chumba, zikafungwa vizuri zisikaribie propela, tukawasha. Mita kati ya gamba la regyuleta na minasi ya betri, mzigo ukiwa kama ampea 10: 0.38. Hii ndo hasara ya athi mbovu, na kumbuka inavuta upande wa pili. 14.2, jumlisha 0.9, toa 0.38, unapata 14.7 na kitu. Ile namba ya mwanzo kabisa. Na pampu ikizimwa taa ikiwashwa inashuka mpaka 13.8, ile namba nyingine ya mwanzo.

Tukarudisha waya, 0.02.

Kwa hivo kosa moja lilikuwa limelifunika jingine. Fundi alitibu la kwanza na la pili likabaki uchi. Ami alisimama pale kwa muda, kisha akamwambia kijana, "Ulisema." Neno moja tu, na mimi nilifurahi kulisikia.

Maamuzi, na kwa nini

C sasa ina waya wake peke yake kutoka basbaa, haigawani na chochote. Ami alitaka usiwe na fyuzi kabisa, aliogopa ikikatika angani itakuwaje, na hofu yake haikuwa ya bure, Rotax wenyewe wanaonya C isitenganishwe na B+ injini ikiwa inazunguka kwa sababu volti zinaweza kuruka na kuharibu regyuleta. Mimi nilishikilia fyuzi ndogo iwepo, manake waya huo unapita tundu la ukuta wa moto na ukichubuka ukagusa bati bila fyuzi unawaka. Lakini fyuzi ya waya usiobeba kitu kingine haina sababu ya kukatika isipokuwa waya wenyewe ugusane. Kwa ule mpangilio wa zamani, pampu ikikwama ndege ikiwa inapaa, fyuzi inakatika, na unapoteza pampu ya akiba na C kwa pigo moja, saa ambayo unavihitaji zaidi. Kwangu hilo ni zito kuliko hata 15.1, na lingekuwepo hata kama terminali zote zingekuwa mpya zinang'aa.

Pampu ikapata fyuzi yake na swichi yake. Terminali zote za swichi mbili hizo zikabadilishwa kwa zilizopakwa bati, zikabanwa kwa koleo lake, kisha mpira wa joto wenye gundi.

Regyuleta ya zamani ilikuwa nzima, na tulibishana iwe ipi ndani. Ikabaki mpya, ya zamani ikawekwa akiba kwenye kabati ndani ya mfuko uliofungwa. Hakuna sababu ya kiufundi, ila kila kufungua na kufunga ile boliti ni nafasi nyingine ya kuharibu athi ambayo sasa iko sawa.

Betri tulijadili sana. Ni ile ya asidi iliyofungwa, na ilikuwa imeshapata 15.1 mara kadhaa, si kwa muda mrefu. Betri za namna hii zinataka volti zishuke joto likipanda, kama milivolti 20 hivi kwa kila digrii juu ya 25, na kwenye chumba cha injini hapa Mombasa digrii 50 ni kawaida, kwa hivo hata 14.2 si ndogo kwake, 15.1 ni kuichemsha. Niliomba ibadilishwe. Ami akasema ipimwe uwezo wake kwanza, ichajiwe ijae kisha ipewe mzigo unaojulikana na kuangaliwa inashika muda gani. Ikapimwa, ikashika vizuri, ikabaki. Njia yake ilikuwa bora kuliko yangu, kipimo kilitoa jibu bila pesa kutoka.

Mahali ambapo hatukuafikiana mpaka leo ni waya wenyewe. Nusu ya ndege imefungwa waya wa plastiki wa magari kutoka maduka ya spea mjini. Waya wa ndege, ule unaojulikana kwa namba 22759/16, unavumilia joto la digrii 150 na ukiungua hautoi ule moshi mbaya wa plastiki. Upande wa injini tuliubadilisha wote. Nyuma ya dashibodi Ami ameuacha, anasema haupati joto na hauna shida. Joto kweli haupati, lakini mimi naogopa moshi ndani ya chumba cha watu wawili chenye kioo kilichofungwa, na nimemwambia hivo.

Matokeo

Injini 4000, kila kitu kimewashwa isipokuwa taa ya kutua: 14.2. Pampu imezimwa: 14.2. Taa ya kutua imeongezwa juu ya yote: 14.1. Mlio wa tak tak kwenye hedseti umeisha kabisa. Ndege ikaendelea na majaribio yake chini, na mchoro mpya wa umeme ukaingia kwenye faili la ndege kabla ya mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuja, manake mchoro wa zamani ungebaki ungekuwa unasema uongo kuhusu ndege iliyopo.

Kilichosaidia na kilichokwamisha

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuzima vitu kimoja kimoja na kuandika. Hakikuhitaji ujuzi wala kifaa, kilihitaji subira ya dakika chache, na kingefanywa mwanzo regyuleta isingenunuliwa. Cha pili ni Fundi kukataa kutoa ule waya. Angetii, volti zingerudi 14.7, kengele ingenyamaza, kila mtu angeridhika na ndege ingeruka na makosa mawili yaliyoegemeana, moja linategemea boliti zinazoliwa na jingine linategemea terminali inayooza. Kila moja lingeendelea kwa mwendo wake, na siku moja lingemwacha mwenzake. Mtu akiniuliza ni uamuzi gani ulioiokoa ndege hii nitasema ni huo, na ulifanywa na kijana ambaye hakuwa na namba za kujitetea.

Kilichokwamisha ni kipimo cha piii. Namwelewa Fundi, kwenye gari kinatosha mara nyingi, manake gari lina altaneta kubwa na nyaya nene na halijali nusu omu. Hapa una ampea 18 kwa jumla na regyuleta inayoamini waya mmoja. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaoitwa AC 43.13-1B, unaruhusu hasara ya nusu volti kwa mfumo wa volti 14 kwa mzigo wa kudumu, na njia ya kurudi kwenye athi isizidi omu 0.005. Kwenye waya wa pampu tulikuwa na karibu mara mbili ya kiwango cha kwanza, na athi ya zamani, ukigawa 0.38 kwa ampea 10, ilikuwa zaidi ya mara saba ya kiwango cha pili. Mita ililia piii kote.

Na mchoro. Ulikuwepo, ulikuwa mzuri, ulikuwa sahihi, na hakuna aliyeufungua kwa wiki zote hizo. Naomba mtu akiwa na hitilafu ya umeme auweke mchoro mezani kabla ya kushika spana. Tungeona C na pampu kwenye waya mmoja, maswali yangebaki machache sana.

Yaliyobaki

Kuna mlio mwingine mwembamba kwenye hedseti taa za kumulika zikiwashwa, tofauti na ule wa pampu. Ulikuwepo siku zote, ulifunikwa tu. Nashuku tundu za hedseti zimegusa bati la dashibodi badala ya kutengwa kwa washa za plastiki, kwa hivo sauti inarudi kwa athi mbili, ya waya wake na ya mwili wa ndege. Hilo litafunguliwa peke yake, siku yake, bila kuchanganywa na kazi nyingine.

Vipimo vya kuanzia vimeandikwa kwenye logi: B+ kwa C pampu ikiwa imewashwa, 0.03, gamba la regyuleta kwa minasi ya betri kwa ampea 10, 0.02. Vitarudiwa masika ikiisha, kisha tena kusi ikituama. Chochote kikifika 0.1 kinafunguliwa siku hiyo hiyo.